Utulivu wa Kisumu si sababu ya kulegeza redio

Kuna hoja inayorudi kila mara miongoni mwa wapenzi wa ndege huku Kisumu, na wanaoitoa si watu wa mzaha. Wanasema uwanja wetu hauna msongamano wa Nairobi. Ndege zinazotua Usoma ni zilezile, marubani ni walewale, na waongozaji wa ndege walio mnarani wanawajua kwa sauti. Basi ya nini kila agizo la kutembeza ndege ardhini rubani alirudie redioni neno kwa neno, kwa Kiingereza cha kukariri, hata ndege ikiwa peke yake chini? Waongee kama watu wanaojuana.

Hoja hiyo ina uzito. Kurudia agizo hakuzuii kila kosa. Oktoba 8, 2001, katika uwanja wa Linate, Milan, Italia, ukungu ukiwa mzito, rubani wa ndege ndogo ya Cessna aliagizwa apite njia ya pembeni iitwayo R5. Akairudia sawasawa, kisha akaingia R6, na njia hiyo ikamfikisha katikati ya barabara ya kurukia wakati ndege ya abiria ya shirika la SAS inakimbia ili ipae. Walikufa watu 118. Rada ya kuonyesha ndege zilizo chini haikuwa ikifanya kazi, na alama za uwanja zilikuwa mbovu. Anayetaka fedha zitangulie kwenye taa, alama na rada sina ubishi naye.

Ninapoachana naye ni pale anapodhani utulivu ni kinga.

Ajali ya kisiwa cha Tenerife, Hispania, Machi 27, 1977, wengi wanaijua: Boeing 747 mbili, ya KLM ya Uholanzi na ya Pan Am ya Marekani, ziligongana kwenye barabara ya kurukia, na maiti 583. Kinachosahaulika ni aina ya uwanja. Los Rodeos, uwanja wa Tenerife, haukuwa wa pilikapilika. Ilikuwa Jumapili, waongozaji walikuwa wawili tu, na ndege kubwa zilimiminika hapo kwa sababu bomu lilikuwa limelipuka uwanja wa Gran Canaria, kisiwa jirani. Zilijaa mpaka kwenye njia za pembeni, ikabidi zinazoondoka zipite juu ya barabara ya kurukia yenyewe. Wingu likashuka. Pan Am waliambiwa watokee njia ya tatu, lakini njia hazikuwa na vibao, na wao walikuwa wageni. Wakaipita.

Sasa turudi nyumbani. Agosti 7, 2013, moto ulipoteketeza jengo la abiria JKIA, uwanja mkuu wa Nairobi, ndege zilielekezwa Mombasa, Eldoret na Kisumu. Ukungu wa asubuhi Nairobi nao unaweza kuzielekeza huku. Kwa hiyo Kisumu haiwezi kujipima kwa Jumanne ya kawaida yenye ndege moja ya Jambojet inayotembea taratibu kuelekea mwanzo wa barabara. Kipimo chake ni ile siku ambayo mwongozaji aliyezoea sauti za wenyeji anaamka na kukuta wageni mfululizo, na hakuna hata mmoja anayejua alama za Kisumu. Mazoea hayabadilishwi asubuhi hiyo.

Redio yenyewe nayo haimsaidii mtu. Wote wanatumia masafa mamoja, na wawili wakibonyeza kitufe cha kusema pamoja, anayesikiliza hupata mluzi tu. Ndivyo ilivyokuwa Tenerife. Rubani wa KLM alitangaza, kwa maneno yasiyo ya kawaida, jambo lililoweza kueleweka kuwa yuko tayari kupaa au kwamba ameshaanza. Mwongozaji akajibu "OK", kisha akaongeza kwamba asubiri, ataitwa. Wakati huohuo Pan Am wakapaza sauti kwamba bado wako barabarani. Maneno hayo mawili yaliyokuwa na uhai wa watu yakagongana hewani, na kilichofika wazi kwa KLM ni ile "OK" peke yake. Neno la adabu, la kujazia tu. Baada ya hapo kanuni zikakazwa: neno la kupaa lisitajwe redioni ila wakati wa kutoa ruhusa yenyewe au kuifuta, na kukubali tu kusihesabiwe kuwa jibu.

Mtu atasema hayo ni ya zamani. Januari 2, 2024, uwanja wa Haneda, Tokyo, ndege ya walinzi wa pwani iliambiwa isogee hadi mstari wa kusubiri, na kwamba ni namba moja. Wakarudia vizuri. Lakini nahodha aliielewa kuwa amepewa barabara, akaingia, na Airbus ya Japan Airlines ikatua juu yake. Watu wote 379 wa Airbus walitoka hai. Kati ya sita wa ile nyingine walikufa watano. Hiyo "namba moja" ilikuwa taarifa tu ya zamu, na Japani ikasitisha kuitumia kwa muda. Hapa makondakta wetu wa matatu hugonga bodi mara mbili na dereva akaondoka, na mambo yakaenda, kwa sababu dereva ana vioo. Rubani hana kioo cha kuona nyuma ya wingu.

Lakini kinachonishawishi zaidi ni jambo ambalo watetezi wa ulegevu hawaligusi. Ndani ya ndege ya KLM kule Tenerife, mhandisi wa ndege aliuliza kama yule Pan American hajatoka barabarani. Nahodha, mtu mkubwa katika kampuni hiyo, akajibu kwa mkazo kwamba ametoka. Yakaishia hapo. Sisi tunajua uzito wa kumuuliza mkubwa mara ya pili, na katika uwanja ambao wote wanajuana uzito huo huongezeka, kwa sababu kuuliza kunaonekana ni kutomwamini mwenzako. Maneno yaliyokaririwa humwondolea kijana aibu hiyo. Kila mtu anarudia, kila mtu anasahihishwa, na hakuna anayeonekana mzito wa kuelewa.

Gharama yake ni sekunde chache ndege ikiwa imesimama mstarini. Abiria aliyefunga mkanda na kununa hajapoteza kitu cha maana. Na rubani aliyezoea kusema nusu hapa Kisumu ataondoka na tabia hiyo hadi kwenye vijiwanja vya kanda hii visivyo na mnara, ambako hujitangazia mwenyewe hewani na hakuna mwongozaji wa kumuuliza nusu iliyobaki.