Cumberland Square Eight: anzeni na wimbo, miguu itafuata

Wengi wanaofundisha Cumberland Square Eight, dansi ya mraba ya kaskazini-magharibi mwa Uingereza, huwatembeza watu kimyakimya kwanza, muziki ukaja baadaye. Naona huko ni kuanzia mwisho. Mtu akishazoea kuhesabu kichwani, fidla ikilia haisikii tena.

Wimbo uliozoeleka ni My Love She's But a Lassie Yet, ambao asili yake ni Uskoti. Una sehemu mbili za mapigo 16, kila moja hurudiwa. Ukipigwa mara mbili mfululizo unatoa vipande vinane, na dansi nayo ina vipande vinane. Upigieni mluzi na makofi mpaka kila mmoja ahisi mwenyewe kipande kinapokaribia kwisha. Ndipo msimame.

Wanasimama jozi nne, kila jozi upande wake wa mraba, mwanamke kuliani mwa mwenzake. (Wanawake wakizidi, haidhuru; aliye kushoto anacheza nafasi ya mwanamume.) Jozi inayoupa bendi mgongo na ile inayoitazama hutangulia. Wanashikana uso kwa uso kama wachezaji wa dansi ya ukumbini, wanateleza ubavu hatua 8 kuvuka, kisha 8 kurudi bila kugeuka. Kwenda, wanaume wanapishana mgongo kwa mgongo, kurudi, wanawake. Ukishika kulia kwako safari zote mbili, hamgongani, ingawa barabara za Waingereza hushika kushoto. Kosa la kawaida ni hatua ndefu: unafika kwa 6, kisha unasimama kusubiri muziki. Jozi za ubavuni zinafanya vivyo hivyo.

Nyota ni rahisi: wanne wa jozi zinazotangulia wanaunganisha mikono ya kulia katikati, hatua 8, geuka, mikono ya kushoto, hatua 8. Anza kugeuka kwenye hatua ya saba, la sivyo utachelewa. Kisha zamu ya ubavuni.

Kapu, yaani wanne hao kushikana kwa karibu na kuzunguka kwa kasi, ndilo linaloumiza watu. Wanaume wawili wanapitisha mikono nyuma ya migongo ya wanawake na kukamatana vifundo vya mikono, si vidole, maana vidole huteleza kwa jasho. Wanawake wanaweka mikono mabegani mwa wanaume. Mguu wa kulia wa kila mtu uko ndani na haupepesuki. Wa kushoto unasukuma sakafu kwa nje, tena na tena. Mwili unaegemea nyuma kidogo tu. Mmoja akiruka badala ya kusukuma, kapu zima linayumba. Mchezo wa kuwarusha wanawake hewani mimi siupendi: asiyekuwa na mguu chini hana namna ya kupunguza kasi, na mapigo manne ya mwisho ni ya kupunguza kasi, wale wa ubavuni waweze kuingia.

Mwisho wote wanane wanashikana duara, hatua 16 kuelekea kushoto, kisha kila jozi inatembea bega kwa bega kinyume chake mpaka kwao, wanaume wakiwa ndani. Mzunguko wa pili jozi za ubavuni ndizo zinazotangulia.

Kwa wapigaji: mapigo 112 hadi 120 kwa dakika yanatosha. Akodiani ikikimbia kwenye kapu, nyota za mzunguko unaofuata zitavurugika. Rekodi inafaa kwa mazoezi ya nyumbani, lakini haiwezi kungoja mraba uliopotea.