Goroli ndani ya paipu ya breki

Tulipofungua paipu ya breki ya tairi la nyuma kushoto, goroli ikadondoka sakafuni. Goroli ya beringi, saizi ya punje ya mbaazi. Fundi fulani aliwahi kukuta silinda ya tairi hilo inavuja, na badala ya kuibadilisha akaziba njia ya mafuta. Gari niliinunua hivyohivyo: Hilux ya zamani, haina ABS (mfumo wa kuzuia tairi zisikwame ukikanyaga breki ghafla), na kwa miezi minane nimekuwa nikiteremka nayo kutoka Lushoto hadi Mombo ikiwa imesheheni kabichi.

Ukimuuliza mzibaji atakwambia, "Bosi, breki za mbele ndizo zinazofanya kazi." Nusu ya maneno hayo ni kweli, ndiyo maana wateja wanayameza. Ukikanyaga breki uzito unakimbilia mbele, pua inainama na mkia unakuwa mwepesi, kwa hiyo kiwandani tairi za mbele hupewa nguvu kubwa zaidi. Ila pikapu iliyobeba karibu tani nzima juu ya ekseli ya nyuma si gari lilelile tena. Nyuma kukilala, pedi za mbele zinaumeza mteremko wote peke yake. Siku moja karibu na Soni nikasikia harufu ya kuungua, halafu pedali ikazama kama nakanyaga sponji. Mafuta ya breki yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea, ndiyo maana pedali inazama. Ya daraja la DOT 3 yakiwa mapya hayatakiwi kuchemka kabla ya nyuzi 205. Yakishanyonya unyevu, kiwango hicho kinaweza kushuka hadi 140. Yangu yalikuwa meusi kama chai ya rangi. Niliteremka kwa gia ya kwanza huku malori yananipigia honi.

Goroli ni ya mtu mwingine. Kosa lililofuata ni langu mwenyewe.

Chini ya pikapu hizi, jirani na ekseli ya nyuma, kuna valvu iliyofungwa kwenye chesisi, na fimbo yake inashuka hadi kwenye ekseli. Ukipakia mzigo bodi linashuka, fimbo inasukumwa, valvu inaachia presha zaidi iende nyuma. Ukipakua, inabana. Haijui kilo wala gunia, inajua kimo tu. Mimi niliongeza majani mawili ya springi, nyuma ikanyanyuka kama inchi mbili, na fimbo hakuna aliyeigusa. Tangu siku hiyo nikipakia kabichi valvu inaamini gari ni tupu, na breki za nyuma inazipunja.

Sasa kuna wanaoliona hilo wakaamua kuing'oa valvu kabisa na kuunganisha paipu moja kwa moja. Hao ndio wananitisha zaidi. Ukiwa na mzigo utawasifu. Rudi tupu, mvua imenyesha, kanyaga ghafla: tairi za nyuma zinafunga, yaani zinaacha kuzunguka, kabla ya za mbele, na gari linageuka kutazama lilikotoka. Za mbele zikifunga kwanza usukani unakataa, lakini angalau unaenda moja kwa moja na ukilegeza mguu unaurudisha. Mkia ukishatangulia, huna la kufanya.

Na wale wanaofunga paipu ya shaba ya friji kwenye breki sina hata hamu ya kubishana nao. Shaba ile ikitikiswa miaka inakuwa ngumu, kisha inapasuka, na mara nyingi ni pale shingoni kwenye nati.

Kwangu tumebadilisha silinda zote mbili za nyuma, mafuta mapya, tukatoa upepo kwenye paipu za breki, tairi moja baada ya jingine. Kishikio cha fimbo kwenye ekseli fundi alikinyanyua kwa kipande cha bati nene, akapima kwa futi hadi fimbo ikakaa kwenye pembe ileile iliyokuwa nayo kabla ya majani kuongezwa. Pembe hiyo tuliipata kwa bahati, kwenye Hilux ya jirani ambayo haijaguswa. Kupima presha kwa geji bado, hadi nipate gereji yenye geji hiyo. Kwa sasa napakia nusu.