Shikamoo, Mbona Umesimama?

Jamani, zamani dereva wa lori alihesabiwa mtu mzima. Ukitoka bandarini na kontena lako, tajiri anakuombea dua, na habari zako anazipata ukishafika Tunduma, au ukipiga simu kuomba hela ya tairi. Hapo katikati unajuana na Mungu wako. Siku hizi ukikohoa Chalinze, Kariakoo wanakujibu pole.

Kidude chenyewe, hiki cha kufuatilia gari, kimefungwa nyuma ya dashibodi, mahali ambapo fundi aliniambia nisipaulize. Ofisini kuna kijana, rika la mwanangu wa pili, kazi yake kukaa kwenye kiyoyozi na kutazama vidoa vinavyotembea kwenye ramani. Mimi ni kidoa cha kijani. Nikisimama nakuwa chekundu, na simu inaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Mbona umesimama?"

"Nachimba dawa."

"Dakika 11?"

Sasa hapo unajibu nini? Kuchimba dawa kumewekewa kipimo lini? Uanze kumweleza mtoto wa watu kwamba jana usiku ulikula maharage ya juzi, na kwamba mambo mengine hayaendi kwa haraka ya tajiri? Na ana adabu, hiyo ndiyo inayonimaliza. Angekuwa jeuri ningemjibu. Huyu anakuamkia kwanza, halafu ndiyo anakuvua nguo.

Kijiweni kwetu hakukosekani wataalamu. Mmoja anaapa kwamba setilaiti ya Wamarekani inakuona mpaka kipara. Nilimuuliza fundi akacheka. Setilaiti zile za GPS ziko juu kilomita kama 20,000, hazikuoni wala hazikusikii. Kazi yao kutangaza saa kutwa kucha. Kidude kinazisikiliza kadhaa kwa mpigo na kupiga hesabu kiko wapi. Mmbea halisi ni laini ya simu iliyomo ndani yake, laini kama yako na yangu, inayokula bando na kupeleka maneno ofisini. Yaani tajiri huyu huyu anayeninyima vocha ya mia tano, kidude chake hakijawahi kuishiwa bando.

Usidhani porini pasipo na mtandao utapumua. Thubutu! Kinaandika kimya kimya, kikikutana na mnara kinatapika safari nzima. Na ukijifanya mjanja ukakata waya, kina betri yake ya ndani, na jambo la kwanza kitakalosema ni kwamba umekikata.

Najua mtasema tumeyataka wenyewe, madereva mnanyonya mafuta. Wapo, sikatai. Yale madumu ya njano kando ya barabara hayakuletwa na mvua. Na kwa mabasi ndiyo kabisa sina la kusema. LATRA, wale wasimamizi wa usafiri wa ardhini, walipoyafungia mfumo wao, basi likipita kilomita 80 kwa saa linalia na abiria wote wanasikia, na dereva ana kitufe cha kujitambulisha ili ijulikane nani yuko kwenye usukani. Mimi niliyezoea kupitwa na basi kwenye kona huku kondakta ananipungia mkono, nilishukuru. Mwaka 2023 mabasi yaliporuhusiwa tena kutembea usiku, mama watoto alipanda la usiku kwenda kwao Mbeya, na mimi nikalala usingizi. Mwendo ni wa barabara, unatuhusu wote. Wauhesabu wanavyotaka.

Kinachoniudhi ni kwamba kidude kinajua niko wapi, na hakina habari ya kwa nini.

Chukua Ruaha Mbuyuni. Nilisimama kununua vitunguu. Mama mmoja anakutajia bei, wa pili anakuvuta shati, wa tatu kashapandisha kiroba kwenye kabini na utingo kakipokea. Injini sikuizima kwa sababu stata ina matatizo, nimeyasema ofisini tangu kiangazi. Ripoti ikatoka: gari limesimama, injini inaunguruma, eneo halijaidhinishwa. Neno stata halimo. Mbele kidogo nikaanza kupanda Kitonga, tani zote mgongoni, gia ya kwanza, mbele yangu malori yamefuatana kama siafu. Simu ikaita. "Shikamoo mzee, mbona mwendo umeshuka hivyo, au umempa utingo aendeshe?" Nikamwambia mwanangu, shuka kwenye hicho kiti, panda basi, njoo uuone mlima.

Tena wameongeza kamera, inanitazama usoni. Eti inamgundua dereva anayesinzia. Sasa mimi macho yangu ni malegevu, nimeyarithi kwa bibi yangu wa Tanga, na ndiyo hayo hayo yaliyompata mama watoto. Kamera haijui mapenzi. Nikitazama barabara, inalia: dereva amelala! Picha inakwenda ofisini. Ikabidi niendeshe nimekodoa, mpaka trafiki mmoja akanisimamisha akaniuliza nimevuta nini.

Nikibeba mzigo wa transiti wa kwenda Lubumbashi, mlangoni mwa kontena kunakuwa na sili ya kielektroniki ya TRA. Nayo inafuatilia, ukiacha njia uliyopangiwa inasema. Hiyo hatugombani. Inalinda ushuru, na haijawahi kuniuliza nimekula wapi. Ila hebu nihesabieni: mbele tajiri, nyuma serikali, kando trafiki, na sasa nyumbani.

Ndiyo, nyumbani. Yule kijana kwa wema wake alimtumia mama watoto linki, "ili mama asiwe na wasiwasi". Mama hakuwa na wasiwasi. Sasa anao. Gari likilala Makambako anataka picha ya gesti pamoja na mhudumu. Nikampiga picha mhudumu, mzee wa Kibena aliyebakiwa na meno ya kuhesabu, kajifunga blanketi. Nikaituma. Mama watoto akajibu kwamba huyo babu nimemkodi.

Mpwa wangu anasoma sheria. Akaniambia, mjomba usionewe, ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, imeanza kutumika Mei 2023 na ina Tume yake. Anayekusanya habari zako akwambie anazikusanyia nini, asizigeuze kwa kazi nyingine. Nikajaa upepo. Nikavaa kanzu ya Ijumaa, nikaingia kwa tajiri, nikaimwaga yote mpaka mwaka. Akanisikiliza kistaarabu, akaagiza chai, akaniongezea na sukari mwenyewe. Kisha akasema, "Dereva wangu, taarifa binafsi ni zako kabisa. Gari ndiyo langu. Chukua taarifa zako uende nazo, gari uniachie." Nikanywa chai. Ada ya Januari inamfundisha mtu kunywa chai.

Basi juzi juzi simu imeita usiku, na safari hii ni tajiri mwenyewe. Anaongea chini chini, unasikia kabisa mtu yuko chooni na bomba kalifungulia.

"Hivi nyie madereva, kile kidude huwa mnakizimaje?"

Nikajua mtego huu. "Hakizimiki bosi, kina betri ya ndani."

Akaguna. Kumbe mama, mkewe, kafunga kimoja kwenye Harrier, na aliyemfungia ni yule yule kijana mwenye adabu. Sasa mama anataka kujua Jumamosi Harrier ilikuwa inafanya nini Tegeta kuanzia saa nane mchana hadi magharibi.

"Mwambie ulikuwa unachimba dawa," nikasema.

"Dereva, nina matatizo, acha utani."

"Samahani bosi. Kwani kadi ya gari imeandikwa jina la nani?"

"La mama."

Mimi sikusema neno, maana chai yake niliinywa. Akakaa muda, akauliza kama ni kweli ile sheria ya mpwa wangu inawahusu na watu wa kawaida. Nikampa namba ya mpwa, na nikamshauri asiende kwa mama akiwa amevaa kanzu, haisaidii. Asubuhi akanitumia elfu ishirini ya soda, na kabla ya saa nne fundi alikuwa chini ya lori langu na stata mpya.