Kabla ya kumdai ushuhuda, mpe Zaburi ya 13

Aliyefiwa au aliyeachishwa kazi akija ibadani, mara nyingi hupokelewa kwa "usilie" na "shukuru tu". Naamini hapo tunamkosea, na kosa lenyewe ni la imani, kwa sababu Biblia haimfungi mdomo anayeumia.

Ichukue Zaburi ya 13. Ina mistari 6 tu. Miwili ya kwanza ni malalamiko matupu: "hata lini" imerudiwa mara 4, na anayeulizwa ni Mungu mwenyewe. Wa 3 na wa 4 ni ombi. Tumaini linakuja mstari wa 5, na hakuna panaposemwa kwamba shida ilikuwa imekwisha. Anayeisali aisome kwa sauti, polepole, na akifika kwenye "hata lini" ataje jambo lake waziwazi: kodi ya miezi mitatu, majibu ya hospitali, mtoto aliyeondoka nyumbani bila kuaga. Kwenye ombi aombe kitu kimoja cha leo. Mstari wa 5 ukigoma kutoka moyoni, asijilazimishe, arudie kesho. Wengi huharibikiwa hapa. Hurukia sifa uchungu ukiwa bado umejaa, maombi yanageuka maigizo, mwishowe wanaacha kuomba kabisa. Kwa siku nzito zaidi ipo Zaburi ya 88, inayoishia gizani bila neno la sifa, nayo ni sala kamili. Hata Yesu msalabani alilia kwa maneno ya Zaburi ya 22.

Mwili nao una haki yake. Eliya alipoomba afe (1 Wafalme 19), malaika hakumhubiria. Alimwamsha ale, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Safari ya siku 40 ilifuata baadaye. Kwa hiyo aliyeuguza usiku na mchana asipangiwe mfungo wala mkesha. Anayetumia dawa za kisukari, presha au ARV asiambiwe aziache ili kuthibitisha imani: sukari itapanda, na ARV zikikatizwa virusi huongezeka na vinaweza kuwa sugu. Mwenye madeni naye asikope ili atoe "mbegu", yaani sadaka ya kutarajia baraka. Huo ni mzigo juu ya mzigo, na unaniuma kila unapotajwa madhabahuni.

Rafiki za Ayubu walifanya vema zile siku 7 walipoketi naye kimya; waliharibu walipoanza kumtafutia dhambi. Wanaokwenda kumwona mwenye shida watosheke kuwa watatu, wakae nusu saa, wasisubiri kupikiwa. Wabebe unga, sukari na mafuta. Wasome zaburi moja, kisha waulize bila kuzunguka: kodi inadaiwa kiasi gani, kliniki ni lini, nani atakaa na watoto? Paulo kifungoni, akijua kifo kimekaribia, aliandika kwamba imani ameilinda, na katika barua hiyohiyo akamwagiza Timotheo amletee joho lake kutoka Troa na afike kabla ya baridi. Haja ya joho haikumpunguzia imani.

Kila jambo lililoahidiwa lipewe mtu mmoja na tarehe, liandikwe kwenye daftari la jumuiya. Katibu alikague hasa matanga yakishaanuliwa, wageni wakirudi makwao na simu zikikoma, maana hapo ndipo mfiwa hubaki na ada za shule peke yake.