Nane za New York

Mwaka wangu wa kwanza kwenye klabu ya santuri za hip hop ulipokwisha, nilizitandaza zote kumi na mbili sakafuni nikaanza kuzipanga kwa miji. Rundo la New York lilifika nane. California mbili, Atlanta moja, Chicago moja. Ya rapa wa kike, hakuna. Ya nje ya Marekani, hakuna. Iliyotoka baada ya mwaka 2000 ilikuwa moja tu, na hata hiyo ni ya mtu aliyekwishajijengea jina miaka ya 90.

Sikukasirika. Kati ya hizo nane zimo albamu ninazozipenda kufa. Ila nilibaki najiuliza nilikuwa nalipia nini hasa.

Kwa asiyezijua klabu hizi: unatoa ada, na kila mwezi unaletewa santuri moja iliyochapwa upya, jalada zito, mara nyingi na kijitabu cha maelezo ndani. Huchagui wewe. Kuna watu wameketi wakakuchagulia, na huko kuchaguliwa ndiko unakolipia, maana santuri yenyewe mara nyingi ungeipata dukani. Klabu nyingi zinaruhusu kubadilisha: ukiona ya mwezi huu haikuvutii, unachukua nyingine kutoka akiba yao kabla ya tarehe fulani.

Malalamiko juu ya uteuzi hayaishi, na wanaolalamika wanavutana wenyewe kwa wenyewe. Kuna wanaosema tunaletewa zilezile, New York ya kati ya 1988 na 1998, mwezi baada ya mwezi. Na kuna wanaosema tulijiunga kwa ajili ya hiyo hiyo New York, sasa mbona mwezi uliopita mmetuletea jamaa wa Texas tusiyemjua? Mimi nimeegemea kundi la kwanza, lakini kadiri ninavyolifikiria jambo hili ndivyo ninavyoona hata kundi langu linagonga mlango usio wake.

Nianze na wateuzi, kwa sababu wana hoja nzito kuliko wanavyokubaliwa. Wanachama hawajiungi siku moja. Mwezi huu anaingia kijana aliyenunua kicheza santuri wiki iliyopita na hana hata moja ya Nas. Pembeni yake yupo mkongwe mwenye nakala tatu za Illmatic, albamu ya kwanza ya huyo Nas. Ukimridhisha mmoja, mwenzake anapiga miayo. Klabu inaishi kwa wageni, kwa hiyo inarudi kwenye majina yanayomvuta mgeni, na mkongwe atanung'unika lakini habanduki. Kiwandani nako, kukata sahani mama, ile ambayo nakala zote hutokana nayo, na kuandaa jalada kunagharimu kilekile uchape nakala mia tano au elfu tano. Albamu isiyo na jina inaweza kula faida ya miezi miwili.

Kisha kuna suala la nafasi, ambalo mashabiki wachache hulifikiria. Upande mmoja wa santuri ya inchi 12, kwa mizunguko 33 kwa dakika, unabeba kama dakika 20 hivi bila kuharibu sauti. Ukizidisha sana, mifuo, yaani ile mistari ambamo sindano hupita, inabanana, sauti inabidi ishushwe, na kinachoumia kwanza ni besi, kwa kuwa besi nzito huufanya mfuo uyumbe kwa upana na kudai nafasi. Ninazo santuri mbili ambazo hupenda kuwaonyesha watu chini ya taa. Ya kwanza ina nyimbo tatu upande mmoja, dakika 13. Mifuo imekaa kwa raha, na penye ngoma kubwa unaona kabisa mawimbi yakivunja mwanga. Ya pili imesokomezwa dakika 27. Uso wake umekuwa laini kama kioo cheusi, na sindano ikishuka inabidi uongeze sauti ndipo ngoma isikike, na ikisikika inakuja imekonda.

Sasa weka hilo kwenye ada ya kila mwezi isiyobadilika. Illmatic ya 1994 haizidi sana dakika 40, inakaa kwenye sahani moja bila shida. All Eyez on Me ya 2Pac, 1996, ilikuwa CD mbili, na kwenye santuri ilidai sahani nne. Lebo ya No Limit ya New Orleans, mwishoni mwa miaka hiyo, ilikuwa inajaza CD nzima kana kwamba nafasi iliyobaki ni dhambi. Muziki wa Kusini mwa Marekani ulikua wakati CD ndiyo mfalme, na ukakua pamoja na besi ya kutikisa magari. Albamu ndefu yenye besi nzito ndiyo aghali kuliko zote kuichapa vizuri. Mteuzi akikuambia Kusini inamgharimu zaidi, usimwite mwongo.

Lakini utetezi unaosikika mara nyingi kuliko huo ni mwingine, nao ni wa sampuli. Tunaambiwa hip hop imejengwa kwa vipande vya nyimbo za watu, kila kipande kina mwenye nacho, na ruhusa ni ngumu. Ni kweli. Mwaka 1991, kwenye kesi iliyomhusu rapa Biz Markie na kipande alichochukua kwa mwimbaji Gilbert O'Sullivan, jaji wa New York aliifungua hukumu yake kwa amri ya Biblia: usiibe. Tangu hapo kila kipande kikawa na bei. Kundi la De La Soul walitoa albamu yao ya kwanza 1989, na kwa sababu ya makaratasi ya sampuli na ugomvi na lebo, haikufika kwenye majukwaa ya kusikilizia mtandaoni hadi Machi 2023, wiki chache baada ya mwenzao Trugoy kufariki.

Tatizo ni kwamba hoja hii, ukiifuata hadi mwisho, inamgeukia anayeitoa. Walioshona albamu zao kwa vipande vingi kuliko wote ni akina nani? Ni New York na vitongoji vyake vya Long Island, mwisho wa miaka ya 80 na mwanzo wa 90. Kule Atlanta, watayarishaji Organized Noize walikuwa wanawaita wapiga gitaa na besi waje kupiga wenyewe, chini ya nyumba ya mama yake Rico Wade, mmoja wao, chumba walichokiita Dungeon, na humo ndimo ilimotoka albamu ya kwanza ya kundi la OutKast, 1994. New Orleans, mtayarishaji Mannie Fresh aliitengeneza 400 Degreez ya rapa Juvenile, 1998, kwa mashine za ngoma na kinanda zaidi kuliko rafu la santuri za zamani. Oakland, California, walikuwa na wapiga besi wao wa fanki. Kama ruhusa za sampuli ndizo zingekuwa zinaamua, basi rundo langu sakafuni lingekuwa na nane za Kusini na Magharibi, na New York ingeambulia moja.

Kinachoamua, kwa maoni yangu, ni kitu cha kawaida zaidi: nani anapokea simu. Katalogi kubwa za New York ziliishia mikononi mwa kampuni kubwa chache, zenye idara nzima ya kukodisha haki. Simu moja inaweza kukupa albamu kumi. Albamu ya lebo ndogo ya Houston au Memphis, iliyokuwa ikiuzwa kwenye buti la gari, inaweza kuwa na wabia wawili wasiosemezana na mkataba ambao hakuna anayekumbuka ulihifadhiwa wapi. Hata nje ya Marekani na kwa majina makubwa mambo yako hivyo. MC Solaar ni nguzo ya rap ya Kifaransa, lakini albamu zake za mwanzo, Prose Combat ya 1994 ikiwemo, zilikaa miaka mingi bila kuuzwa kwa sababu ya mgogoro na lebo, hadi 2021 zilipochapwa tena. Hapo wateuzi nawahurumia. Lakini kumtafuta huyo mbia aliyepotea ndiyo kazi ninayoilipia. Kupiga simu moja kwa kampuni kubwa hata mimi naweza.

Na kuna mahali ambapo hakuna utetezi wowote unaosimama. Ni kwa wanawake. Chukua Kollage ya rapa wa kike Bahamadia, Philadelphia, 1996. Sehemu yake imetengenezwa na DJ Premier, mtayarishaji mashuhuri wa New York, yaani ngoma zilezile ambazo wapenda New York wanaapa kwazo. Haina urefu wa kutisha. Haimlazimishi mkongwe ajifunze sikio jipya. MC Lyte, mwanamke wa New York, alitoa albamu yake ya kwanza 1988, mwaka uleule ambao klabu hizi hazichoki kuurudia. Albamu za namna hii zikikosekana mwaka mzima, usiniambie habari za viwanda na mawakili.

Wateuzi wakibanwa hapo, hujibu kwa takwimu za kubadilisha: tulipowaletea kitu kipya, wengi walikibadilisha, kwa hiyo wanachama wenyewe hawataki mchanganyiko. Jibu hili linanikera kidogo. Mtu hubadilisha kabla santuri haijamfikia. Ameona jina, ameona jalada, labda ameonja nusu dakika kwenye simu akiwa foleni, akaamua. Takwimu hiyo inakuambia jina gani linajulikana, basi. Nani aliipenda baada ya kuisikiliza mara nne, haikuambii. Halafu uteuzi wa mwaka ujao unajengwa juu ya takwimu hiyo, majina yanayojulikana yanazidi kujulikana, na baada ya miaka mitatu klabu imejifunza kutuletea tulichokuwa nacho tayari.

Kinachonishangaza ni kwamba muziki wenyewe ulianza kwa tabia ya kinyume. DJ Kool Herc, aliyepiga ile sherehe ya mtaa wa Bronx, New York, ya Agosti 1973 ambayo watu huihesabu kama mwanzo, alikuwa akiloweka santuri zake kwenye maji ili karatasi za majina zilizo katikati zibanduke, wapinzani wasijue anacheza nini. Afrika Bambaataa alikuwa akiwachezea vijana wa Bronx Kraftwerk, Wajerumani wa mashine, katikati ya fanki. Heshima ya DJ ilikuwa kwenye kile ambacho wewe msikilizaji hukijui. Klabu ya santuri inayoogopa jina geni imeazima sanduku la DJ ikaacha udadisi wake.

Hayo yote nikiyasema, sitaki pia ule mchanganyiko wa kuonyeshea wageni. Nimeuona: mwanamke mmoja, naye anakuja Machi, Kusini moja, mara nyingi ileile ya Atlanta ambayo kila mtu anaijua, na tukio la mbali moja kwa mwaka, likisindikizwa na kijitabu cha kutuomba radhi. Kisha kuna ujanja wa rangi. Albamu ileile inarudi, safari hii ya chungwa yenye madoa meusi, na tangazo linaiita toleo la kipekee. Rangi nzuri, sikatai, na nina mbili ukutani. Lakini sindano haioni rangi.

Na wale wa kundi la pili, wanaotaka New York yao, wana jambo moja sahihi ambalo sisi wa mchanganyiko hatupendi kulisikia: santuri moja kutoka kila mji haikufundishi mji wowote. Nilipoletewa ile ya Chicago peke yake, niliisikiliza kwa masikio ya New York, nikaiona imepungukiwa. Haikuwa na wenzake wa kuielezea. New York naielewa kwa sababu nimeletewa nane. Nasikia nani anamjibu nani, nani kamwibia nani mdundo. Mwaka 1995, OutKast walipozomewa kwenye tuzo za jarida la hip hop la The Source jijini New York na André, mmoja wao, akajibu kwamba Kusini ina la kusema, ukumbi haukuwa umemnyima mtu mmoja nafasi. Haukuwa na sikio la kumsikilizia.

Kwa hiyo ningeomba uteuzi uwe umeegemea zaidi, ila uwe unahama. Nipeni Houston miezi mitatu mfululizo: rapa Scarface, kisha kundi la UGK kutoka Port Arthur jirani, kisha mtu ambaye sijawahi hata kumsikia. Mwezi wa kwanza wanachama watabadilisha kwa wingi. Wa tatu nina hakika watapungua. Baada ya hapo turudini New York, sina ugomvi. Mgeni atakayejiunga katikati ya Houston atapata hasara gani? Illmatic inauzwa kila mahali. Gharama ya sahani mbili badala ya moja inaweza kulipwa na mwezi wa albamu fupi; mhasibu mzuri halimshindi hilo.

Mwaka wangu wa pili walileta UGK kweli, Ridin' Dirty ya 1996, albamu ambayo haikutolewa hata singo moja wala video. Nilipanga kuibadilisha. Nilikuwa nimekwishachagua ya kuchukua badala yake, ya Queens, New York tena, naijua kwa moyo. Tarehe ikanipita kwa siku moja kwa sababu ya uvivu wangu tu. Ilipofika niliiacha kwenye plastiki yake wiki mbili. Siku nilipoifungua, kinanda kilichonuka kanisa kikaanza, gitaa likaingia taratibu kama mtu anayetafuta pa kukaa, na Pimp C wa UGK akaanza kuburuta maneno. Upande ulipoisha sikunyanyuka kugeuza; nilirudisha sindano mwanzo. Leo jalada lake limechakaa pembe zote nne, na zile nane za New York bado ni mpya.