TVA na viwanda: mwekezaji hafuati punguzo tu

Wanaoilaumu Tennessee Valley Authority (TVA), shirika la umeme la serikali ya Marekani linalohudumia majimbo saba, kwa kuwapendelea wateja wakubwa wana hoja. Tarehe 23 na 24 Desemba 2022, baridi kali ilipopiga, shirika liliagiza makampuni ya mitaa yanayonunua umeme wake yafanye mgao, jambo ambalo halikuwahi kutokea tangu lianzishwe mwaka 1933. Bei ya msingi ikapanda asilimia 4.5 Oktoba 2023, ikapanda tena asilimia 5.25 Oktoba 2024. Mwezi uliofuata bodi ikaidhinisha megawati 150 kwa kituo cha kompyuta cha xAI, kampuni ya akili bandia ya Elon Musk, huko Memphis, jimbo la Tennessee. Mwenye nyumba akiuliza kwa nini alipe zaidi huku wakubwa wakikaribishwa, anastahili jibu.

Kosa ni kudhani kwamba viwanda huvutwa kwa punguzo la ankara peke yake. Punguzo lipo, na hutolewa kwa kuzingatia uwekezaji na ajira. Ila mwekezaji huanza na kalenda. Kituo cha kupozea umeme cha kiwanda kikubwa, yaani kinachoshusha msongo (volti) wa umeme kabla ya kutumika, huhitaji transfoma mbili, kila moja ikiweza kubeba mzigo wote mwenzake akiharibika. Transfoma hizo hutengenezwa kwa oda, na siku hizi oda huchukua miaka miwili au zaidi. Ongeza mkuza, yaani ukanda wa ardhi wa kupitishia njia ya umeme ya kilovoti 161: upimaji, mazungumzo na wenye ardhi, fidia. Anayetaka bidhaa ya kwanza ndani ya miaka mitatu hawezi kuanzia hapo.

Ndiyo maana TVA iliamua kuhakiki maeneo makubwa kabla mteja hajajulikana: ekari 1,000 au zaidi, karibu na barabara kuu na reli, udongo umeshatobolewa na kupimwa. Volkswagen ilichagua eneo la namna hiyo Chattanooga mwaka 2008, palipokuwa na kiwanda cha baruti cha jeshi, na mwaka 2011 magari yakaanza kutoka. Lakini umeme peke yake hautoshi. Eneo kubwa la karibu na Memphis lilinunuliwa na jimbo mwaka 2009 na likakaa tupu hadi Ford ilipotangaza kuja mwaka 2021. Mojawapo ya vikwazo vya muda mrefu ilikuwa bomba la majitaka.

Hesabu ambayo wakosoaji huiruka ni hii. Nguzo, nyaya na transfoma hujengwa kwa ajili ya kilele cha matumizi. Kiwanda chenye kilele cha megawati 50, kikifanya kazi zamu tatu kwa wastani wa asilimia 85 ya kilele hicho, hununua megawati-saa 372,300 kwa mwaka. Mitaa ya makazi yenye kilele hicho hicho lakini wastani wa asilimia 40 hununua 175,200. Uwezo ni uleule, mauzo zaidi ya maradufu, na gharama ya kudumu hugawanywa kwa uniti nyingi zaidi. Hapo ndipo kiwanda humpunguzia mzigo mwenye nyumba. Faida hiyo hutoweka pale kilele kipya kinapolazimisha kujenga mtambo mpya wenye gharama kubwa kuliko ya zamani, na Desemba 2022 ilionyesha kwamba akiba ilishakuwa nyembamba.

Kazi nyingine haionekani kabisa. Radi ikipiga njia, msongo wa umeme unaweza kushuka kwa muda wa sehemu ya kumi ya sekunde. Nyumbani taa hupepesa tu. Kiwandani kontakta, yaani swichi ya sumaku inayowasha mota, huachia, mota husimama, plastiki huganda ndani ya mashine na zamu nzima huishia kuisafisha. Mhandisi wa shirika akisoma kumbukumbu za mita, mara nyingi hugundua kwamba tatizo ni saketi ndogo ya udhibiti. Kuilinda hiyo peke yake ni nafuu mno kuliko kununua betri za kiwanda kizima, na ajira huokolewa kwa njia hii pia, si kwa hafla za kukata utepe tu.

Hatari ipo, tena kubwa. Hemlock Semiconductor ilitangaza mwaka 2008 kiwanda cha dola bilioni 1.2 cha silikoni ya paneli za jua huko Clarksville, Tennessee. Mwaka 2014 kikafungwa kabisa kabla ya kuzalisha kibiashara. Google ililichukua eneo mwaka 2015 kwa kituo cha data, lakini vituo hivyo huajiri watu wachache kwa kila megawati, hivyo havistahili kupimwa kwa kipimo kimoja na kiwanda cha magari. Mteja wa aina hiyo alipie kituo chake cha kupozea umeme, aweke dhamana, akubali malipo ya chini ya kila mwezi hata mitambo ikizimwa, na aandike kwenye mkataba kiasi cha megawati atakazoachia baridi ikirudi kama ya 2022. Yote hayo yasainiwe kabla transfoma haijaagizwa.