Nani mwenye mamlaka ya uteuzi ndani ya Avida?

Kwenye suala hili Kiswahili chenyewe kinatutega. Tukisikia "uteuzi" tunamtafuta mteuzi. Mkuu wa wilaya akiteuliwa, tunajua ipo mamlaka iliyokaa ikapitia majina. Kwa hiyo mtu anayesoma kwamba ndani ya kompyuta kuna viumbe vya kidijitali vinavyobadilika kwa "uteuzi asilia", yaani wanaofaa zaidi ndio wanaozaana zaidi, ana haki ya kuuliza: nani aliyeteua? Kama ni mwandishi wa programu, hayo mageuko yako wapi?

Huko Marekani swali hilo limegombanisha watu kwa miaka mingi, na programu iliyo katikati ya ugomvi ni Avida, iliyoanzishwa mwaka 1993 na Charles Ofria, Chris Adami na C. Titus Brown. Ndani yake kila kiumbe ni programu fupi inayojinakili. Kunakili huko kuna makosa: amri moja inabadilika, nyingine inadondoka, nyingine inajipenyeza. Nafasi hazitoshi, muda wa prosesa unagombaniwa, na anayejinakili haraka ndiye anayejaza uwanja.

Mwaka 2003 Ofria na Adami, pamoja na Richard Lenski na Robert Pennock, walichapisha jaribio lao katika jarida la Nature. Walianza na kiumbe chenye amri 50 kisichojua lolote ila kujinakili. Kisha wakaweka tuzo kwa kazi tisa za mantiki: anayeifanya kazi anaongezewa muda wa prosesa, na kazi ikiwa ngumu zaidi tuzo inakuwa nono zaidi. Ngumu kuliko zote ni EQU, yaani kupokea namba mbili, kuzilinganisha biti kwa biti, na kutoa 1 zinapofanana na 0 zinapotofautiana. Watafiti wenyewe walipojaribu kuiandika kwa mkono, njia yao fupi kabisa ilitaka amri 19. Katika jamii 50 za viumbe zilizoachwa zijiendee, 23 zilifika kwenye EQU.

Wapinzani wa nadharia ya mageuko wakasema: mmeweka ngazi! Zile tuzo za kazi rahisi ndizo vipandio, na mwenye kuvipanga ni binadamu.

Ni kweli. Ila hilo halikufichwa. Watafiti walirudia jaribio kwa jamii nyingine 50, safari hii tuzo ikiwa ya EQU peke yake. Haikufika hata moja. Takwimu hiyo hunukuliwa na pande zote mbili, kila upande kwa furaha yake, na mimi naona ndiyo sehemu yenye maana kuliko zote. Bila vipandio hakuna kupanda. Lakini kuweka kipandio si kuandika jibu. Hakuna aliyeiandika EQU ndani ya kiumbe chochote. Jamii zilizofika zilipita njia tofauti, na baadhi ya mabadiliko yaliyowafikisha yalimdhuru kiumbe wakati yanatokea. Mteuzi anayepanga orodha yake asingemweka huyo. Swali linalobaki, kama viumbe hai halisi vilikuwa na vipandio vya namna hiyo, ni la wanaochunguza visukuku na jeni. Kompyuta haiwezi kulijibu.

Upande wa mashabiki nao una makosa yake. Wapo wanaosema Avida imeonyesha uhai ulivyoanza. Haijaonyesha. Kiumbe cha kwanza kiliandikwa na mtu, kikiwa tayari kinajinakili. Wengine hushangilia antena za setilaiti ndogo za ST5, ambazo NASA ilizirusha Machi 2006. Umbo la antena hizo lilipatikana kwa njia hii ya mageuko, nazo zinafanana na kibanio cha karatasi kilichopindwapindwa na mtoto. Wanasema kompyuta ilibuni yenyewe. Kwa umbo, sawa. Lakini masharti ambayo antena ilipaswa kuyatimiza waliyaandika wahandisi.

Na masharti hayo si kitu chepesi. Miaka ya 1990 Adrian Thompson wa Chuo Kikuu cha Sussex, Uingereza, aliacha saketi ijibadilishe kwa njia hiyohiyo ya mageuko kwenye chipu hadi iweze kutofautisha sauti za kilohezi 1 na kilohezi 10. Iliweza, kwa seli (vijisehemu vya chipu) zisizozidi 100. Baadhi ya seli hizo hazikuwa na njia yoyote ya kuunganika na tokeo, lakini ukizizima, saketi inayumba. Ukiihamishia saketi sehemu nyingine ya chipu ileile, uwezo unashuka. Ilikuwa imejishikiza kwenye tabia za kipande kile cha silikoni, kitu ambacho hakuna aliyekiomba.

Ofria yalimkuta ya kwake. Alitaka kuondoa mabadiliko yanayoongeza kasi ya kujinakili, kwa hiyo kila kiumbe kilichobadilika alikipima pembeni, na kikikimbia kuliko mzazi wake anakifuta. Baada ya muda kasi ikaanza kupanda tena. Viumbe vilikuwa vimeitambua sehemu ya kupimiwa kwa namba zilizoingizwa humo, na vikifika hapo vinajilegeza. Akazifanya namba za kipimo zifanane na za uwanjani. Vikaanza kubahatisha: kazi ya kuongeza kasi mara vinaifanya, mara vinaiacha, ili baadhi vipenye. Mwishowe aliachana na chumba cha mtihani, akawa anavifuatilia uwanjani penyewe, ukoo kwa ukoo, na kumfuta palepale kila aliyewazidi mbio mababu zake.